Wafunga Turubai

Turubai la kukodi linafika mtaani juu ya kirikuu, limekunjwa pamoja na mabomba yake, kamba na gunia la vigingi. Saa moja baadaye limesimama mbele ya nyumba ya msiba au ya harusi, mikeka imetandikwa, viti vimepangwa, na watu wamekaa kivulini bila kuinua macho kutazama kinachowafunika. Ndivyo inavyotakiwa. Aliyefiwa ana mengine ya kuwaza, na bibi harusi pia. Lakini mimi kila nikiingia kwenye shughuli huanza kwa kutazama kamba, na nikizikuta zimefungwa vizuri hutamani kumtafuta aliyezifunga nimpe mkono. Insha hii ni ya kumpa mkono.

Kivuli ndiyo sehemu rahisi ya kazi yake. Kitambaa chochote kinatoa kivuli, hata khanga mbili zilizoshonwa pamoja na kutundikwa kwenye miti. Kazi yenyewe ni upepo, na huku pwani upepo haukosekani. Kuanzia Disemba hadi Machi kuna kaskazi, unaotoka kaskazini-mashariki. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba kuna kusi, na Juni mpaka Agosti ndipo unapovuma hasa. Ufukwe wa mashariki wa Unguja, kule Paje na Jambiani, unajulikana duniani kwa wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, nao wanakuja misimu yote miwili kwa sababu pepo zote mbili zinawatosha. Upepo huohuo unaomfurahisha mgeni baharini ndio unaopita kwenye uwanja wa nyumba ya mtu siku ya khitma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, inawaambia zaidi wavuvi na wenye vyombo vya baharini. Fundi wa turubai mwenye akili anasikiliza pia, kwa kuwa naye anatweka kitambaa.

Tena mbali na misimu kuna saa za siku. Usiku mpaka asubuhi hewa hutoka bara, taratibu, ule upepo wa umande. Jua likipanda na ardhi ikipata moto, upepo wa baharini huingia, na alasiri unakuwa na nguvu kuliko saa nyingine yoyote. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Turubai hufungwa asubuhi, majani yametulia, na mfungaji asiye na uzoefu anaweka kamba zake nzito upande inakotoka hewa ya asubuhi. Saa tisa, watu wakiwa kwenye pilau, upepo unakuja kutoka upande ule aliouachia kamba mbili nyembamba.

Nguvu ya upepo ina namna yake ya kukua, na ndiyo inayowahadaa watu. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, msukumo wake unazidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ukikuta kitu kimesimama wima mbele yake unakisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 hivi kwa kila mita ya mraba. Turubai la mita 6 kwa 6 lina mita za mraba 36. Upepo huo ungelikuta uso kwa uso, lingebeba zaidi ya kilo 200. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, hesabu inapanda hadi karibu kilo 900. Paa la turubai halisimami wima, kwa hiyo halipokei yote hayo kwa mpigo mmoja, ila linapokea ya kutosha kuling'oa na mabomba yake. Fundi hajaiandika hesabu hii popote. Ameijulia mikononi, siku alipokuwa ameshika pembe ya turubai na mara pembe ikaanza kumshika yeye.

Wageni wa shughuli huogopa turubai lisije likawaangukia. Fundi anaogopa lisipae. Turubai lisilo na kuta ni paa lililo wazi kila upande: hewa inaingia chini na kusukuma kwenda juu, na ile inayopita juu ya mgongo wa paa inaenda kwa kasi na kuvuta kwenda juu vilevile. Pabaya zaidi ni pale turubai linapofungwa ubavuni mwa nyumba, kwa sababu hewa ikifika ukutani inakosa pa kutokea na kujikusanya chini ya kitambaa. Ulaya wanalijua tatizo hilihili kwa sura nyingine. Watu wa Uingereza na Uholanzi wanaokwenda likizo na karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hutengeneza kivuli kwa kuchomeka ukingo wa kitambaa kwenye reli iliyo ubavuni mwa karavani, kisha upande wa mbele wanauinua kwa nguzo mbili tatu. Karavani ndiyo ukuta. Upepo ukitokea mbele, paa linajaa kama tanga. Wazoefu wao huegesha karavani ili iwe ngao, ubavu usio na paa ukiuelekea upepo. Hupitisha mkanda mpana juu ya kitambaa na kuufunga ardhini. Huweka springi kati ya mkanda na kigingi. Na upepo ukizidi, au wakiondoka mchana kutwa, hulivua paa lote. Fundi wa Tandika au Kisauni angeyaelewa hayo yote kwa kutazama tu, bila kufasiriwa neno.

Maana kazi yao ni moja, nayo ni kuupa mvuto wa upepo njia ya kwenda ardhini. Fundi mzuri anaufuata mvuto huo tangu unakoanzia mpaka unakoishia: kutoka kitambaani kwenda kwenye ringi, lile tundu la ukingoni la kufungia kamba, kutoka ringi kwenda kwenye kamba, kutoka kamba kwenda kwenye kigingi, kutoka kigingi kwenda mchangani. Penye udhaifu popote katika njia hiyo ndipo turubai litakapoachia, hata kama vingine vyote ni vya chuma. Turubai jipya, zito, la bei mbaya, linaweza kuchanika kwenye ringi siku ya kwanza kwa sababu ya kufungwa kwa kamba ngumu iliyokazwa mno. Kinachochana ni kushtuliwa. Upepo hauvuti kwa utulivu. Unaachia, unarudi, unapiga. Kwa hiyo mafundi wetu hukata vipande vya tyubu kuukuu za magari na kuvifunga kati ya ringi na kamba. Pigo likija, mpira unanyooka kidogo, unakula ule mshtuko, kisha unarudisha kitambaa mahali pake. Ile springi ya karavani kazi yake ni hiyohiyo. Nimependa sana kuona kwamba kitu ambacho Ulaya kinauzwa dukani kikiwa kwenye kasha, huku kinakatwa kwa kisu kutoka kwenye tyubu iliyotupwa na fundi wa pancha, na kinafanya kazi vizuri.

Mtazame sasa akipigilia kigingi, kwa sababu hapa ndipo ustadi unapoonekana kwa macho. Vigingi vyake ni vipande vya nondo nene, kila kimoja urefu wa kama sentimita 70, kichwa kimekunjwa ili kamba isichomoke. Anaenda mbali na nguzo kadiri ya urefu wa nguzo yenyewe, ili kamba ishuke kwa mshazari wa kati, isisimame wima wala isilale sana. Kamba iliyo karibu na wima inakivuta kigingi kwenda juu, na kukichomoa kigingi kwenda juu ni rahisi kuliko kukiburuta ndani ya udongo. Akishapata mahali, hakisimamishi kigingi wima. Anakiegemeza, kichwa kikielekea mbali na turubai, mpaka kigingi na kamba vikutane kwa pembe mraba. Kisha nyundo. Anapiga mapigo mafupi mwanzoni, kigingi kikishajishika anapiga kwa mkono mzima, na haachi mpaka kimebaki kichwa tu juu ya ardhi. Kigingi kilichoachwa nusu nje ni mtego, kwanza kwa vidole vya watoto, pili kwa turubai lenyewe: kamba ikifungwa juu, inapata nafasi ya kukipindua. Ikifungwa sawa na ardhi, inalazimika kuburuta udongo wote ulio mbele ya kigingi.

Akimaliza, hakigusi kigingi. Anaishika kamba, anaivuta kwa uzito wa mwili wake kuelekea turubai, na macho yake yako ardhini. Udongo ukivimba mbele ya kigingi, au ufa mwembamba ukifunguka nyuma yake, ameshajua. Anapigilia cha pili nyuma ya cha kwanza, kwenye mstari uleule wa kamba, na kuunganisha kichwa cha kile cha mbele na mguu wa kile cha nyuma. Viwili vinasaidiana. Nimewaona vijana wakiona hilo ni kupoteza muda, na nimewaona wazee wa kazi wakilifanya bila kusema kitu.

Mchanga wa ufukweni una mambo mengine. Nondo inaingia kirahisi mno, na kinachoingia kirahisi hutoka kirahisi. Hapo fundi anachimba. Anajaza kiroba mchanga, anakifunga kamba katikati, anakilaza shimoni kikiwa kimekingama na mvuto, anachimba na mfereji mwembamba wa kamba kutokea, kisha anafukia na kukanyaga. Wengine hutumia gogo la mnazi. Mwenye bidii humwagia ndoo ya maji, kwa kuwa mchanga wenye unyevu hushikana na mkavu hutiririka. Kiroba kile chenyewe si kizito sana. Uzito unaolishikilia turubai ni wa mchanga wote ulio juu na mbele yake, ambao sasa lazima uinuliwe ndipo kiroba kitoke. Hii ni nanga, na haishangazi kwamba wengi wanaoijua vizuri ni watu waliowahi kuwa baharini.

Kwenye ardhi ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, kinatangulia mtaimbo kutoboa tundu, nondo inafuata. Na kwenye lami hakuna kupigilia. Huko ni mizigo: madumu ya maji ya lita 20, kila moja kilo 20 na ushee. Piga hesabu ile ya kilo 200, utaona kwamba dumu moja kwa kila mguu, jinsi inavyofanyika kwenye shughuli nyingi, ni kama kuomba dua. Bora kufunga kwenye mti wenye mizizi, na mnazi mzima hauna mpinzani. Nondo za dirisha hazifai, geti halifai, nguzo ya umeme ni hatari, na gari la mgeni litaondoka na mwenyewe kabla ya shughuli kwisha.

Kamba nazo zina tabia zake. Katani, ambayo ilifika Tanzania mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche 62 tu iliyofika hai kutoka Florida, ina nguvu na fundo lake halitelezi. Ikilowa huvimba na kujikaza, hivyo anayeitumia masika lazima ailegeze mvua ikianza, la sivyo itang'oa vigingi yenyewe bila msaada wa upepo. Nailoni hufanya kinyume: ikilowa hurefuka, na turubai lililokuwa limekazwa asubuhi linaning'inia jioni. Manila ya plastiki, ile ya rangi ya buluu au ya njano iliyojaa madukani, haijali maji kabisa, lakini jua linaila. Ikishaanza kutoa unyoya unaochoma viganja, nguvu zake zimekwisha, hata kama kwa mbali inaonekana mpya. Na kuna kamba ya usumba, inayosokotwa na wanawake wa vijiji vya mashariki ya Unguja kutokana na makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi mingi mpaka yaoze, yakatolewa, yakapondwapondwa, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa na kusokotwa kwa mkono. Usumba hauogopi chumvi, na kwa asili unavutika, hivyo una mpira wake ndani yake. Hauna nguvu ya katani, na siku hizi ni nadra kuuona kwenye turubai. Mimi naukumbuka kwa heshima kila nikiona tyubu imekatwa vipande.

Mwezi wa saba mmoja, Kigamboni, nilikaa kwenye baraza ya jirani nikamwangalia fundi mmoja wa makamo akifika msibani na vijana wake. Kabla ya kushusha hata bomba, alimwendea mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

“Shikamoo mzee. Poleni sana na msiba.”

“Marahaba mwanangu. Tumeshapoa.”

“Mzee wangu, hapa alasiri upepo unaingilia wapi?”

Mzee hakufikiri. “Sasa hivi ni kusi tu. Unapita kwenye uchochoro ule, kati ya ile nyumba na ukuta wa msikiti. Unakuja na vumbi lote la barabarani.”

Fundi akaenda mpaka mdomo wa uchochoro, akasimama pale, akarudi. Uchochoro ni jambo zito, kwa kuwa hewa iliyotawanyika uwanjani ikibanwa kati ya kuta mbili huongeza kasi. Vijana walikuwa wameshatandaza turubai, ubavu mrefu ukiutazama uchochoro. Akawaambia waligeuze, upande mwembamba uelekee kule. Mmoja akalalamika kwamba likilala hivyo mlango wa nyumba utabaki juani.

“Mlangoni tutaweka lile dogo,” fundi akasema. “Hili tuliache upepo upite.”

Wakalifunga paa likiwa bado chini, juu ya fremu isiyo na miguu. Kamba za upande wa uchochoro zilifungwa kwanza, vigingi vyake viwili viwili, kisha ndipo miguu ikaanza kuingizwa kuanzia upande wa pili. Ule wa kwenye upepo uliinuliwa wa mwisho, wakati kila kitu kimeshashikwa. Sikuwahi kuona utaratibu ule ukielezwa kwa maneno. Ukiinua kwanza upande wa upepo, umeufungulia mlango ukiwa huna cha kuushikia.

Saa sita mambo yalikuwa shwari. Kina mama waliokuwa wanachambua mchele waliona jua linawafikia, wakatundika khanga tatu kwenye mabomba ya upande ule wa uchochoro. Fundi alikuwa anakunywa maji. Akaweka kikombe, akaenda, akachutama karibu nao.

“Mama zangu, samahanini sana. Naomba tuzifungue khanga za upande huu. Nitawahamishia mkeka kule kwenye mwarobaini, jua halifiki.”

“Haya baba, wewe ndiye mwenye kazi yako,” akajibu mkubwa wao, na zikafunguliwa.

Khanga tatu ni mita za mraba tano hivi za kitambaa kilichosimama wima mbele ya upepo. Alasiri kusi ulipoingia, vumbi lilipita chini ya turubai na kutokea upande wa pili, kofia mbili tatu zikashikwa kwa mkono, na visomo vikaendelea. Turubai liliguna kwenye mipira yake na kutulia. Hakuna aliyeligeukia.

Kuguna kule ni sauti ninayoipenda. Sauti mbaya ni ya kitambaa kinachopigapiga. Turubai lililolegea hupokea kila mkupuo wa upepo kwa kofi, na kila kofi linafika kwenye ringi na kwenye vigingi. Baada ya saa kadhaa vigingi vinakuwa vimetikiswa mpaka vimejichimbia nafasi. Tena likilegea hukusanya mvua. Maji ya kina cha sentimita moja tu juu ya mita moja ya mraba yana kilo 10, na bwawa likishaanza kujikusanya huvuta kitambaa chini na kuita maji zaidi. Tiba ni mvuto unaotoka pande zote. Mjerumani Frei Otto alijenga jina lake kwa kulifuata jambo hili mpaka mwisho. Mwaka 1955 kule Kassel alisimamisha paa la wanamuziki kwa kitambaa kimoja, pembe mbili juu na mbili chini, kikapinda kwenda juu upande mmoja na kwenda chini upande mwingine, na kwa kuwa kila uzi ulikuwa unavutwa na mwenzake, hapakubaki sehemu ya kupigwapigwa. Wazo hilo ndilo lililokuzwa mpaka likawa paa la viwanja vya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alilolifanya pamoja na Günter Behnisch. Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo, alipewa mwaka 2015, mwaka aliofariki. Mafundi wetu wanaoinua nguzo ya kati kidogo kupita kiasi cha kawaida na kuvuta katikati ya kila ukingo kwenda chini wanafuata sheria ileile, na kitambaa chao kinanyamaza.

Jambo moja linaniudhi, na nitalisema. Yameingia mahema mazuri meupe yenye vilele, ya kupendeza kwenye picha, na watu wanayasimamisha kwenye viwanja na fukwe bila kamba hata moja, eti kamba zinaharibu sura na wageni watajikwaa. Kujikwaa kuna dawa: kitambaa cheupe kinafungwa kwenye kila kamba kwenye usawa wa goti, na watu wanaiona hata usiku. Hema lenye vilele vinne na miguu minne iliyotua tu juu ya nyasi halijafungwa. Limeachwa pale. Na kosa si la fundi peke yake. Mteja anapopatana bei anauliza idadi ya viti, anauliza rangi ya mapambo, anauliza kama kuna feni. Haulizi vigingi. Akipunguziwa bei, kinachopunguzwa ni muda wa kufunga na mtu wa kubaki zamu, kwa sababu vitu hivyo havionekani kwenye picha. Ningependa kila familia inayokodi turubai iulize maswali mawili: litafungwa kwa kitu gani, na nani atabaki nalo mpaka jioni.

Yule wa kubaki ana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Kamba hulegea zikizoea mvuto, na anayezizungukia kila baada ya muda anazikaza mbili mbili, zilizokabiliana kwa pamoja, ili turubai lisivutwe upande. Anaangalia watoto wasibembee. Zaidi ya yote, anaangalia mbingu. Mvua kubwa za masika na vuli hutanguliwa na upepo wake: hewa baridi inashuka kutoka kwenye wingu na kutapakaa ardhini kwa kasi, ikifika dakika chache kabla ya matone. Wingu limekuwa jeusi chini, joto limekatika ghafla, minazi imegeuza makuti upande mwingine. Upepo ule hauulizi vigingi vyako ni vingapi. Mwaka 2024, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, watu wa pwani walikumbushwa kwamba kuna pepo ambazo jibu lake ni kutokuwa na kitu chochote kilichotwekwa.

Kwa hiyo kushusha ni sehemu ya ufundi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ngumu zaidi. Kunahitaji ujasiri wa kusimama mbele ya watu waliovaa vizuri, katikati ya nikahi au ya hotuba ya mjomba, na kusema waondoke chini ya paa ambalo kwa macho yao bado liko imara. Wapo mafundi wanaolimaliza suala hili asubuhi, kabla ya kupokea hata senti. Wanamwambia mwenye shughuli: nikisema tushushe, tunashusha, na hakuna atakayebishana nami. Anayekubali anafungiwa. Nimesikia mama mmoja akimjibu fundi, “Mwanangu, hao ni wageni wangu, lakini turubai ni lako,” na nikaona ameelewa mkataba kuliko wengi.

Ikifika saa hiyo, kazi inakwenda kinyume na ilivyoanza. Watu wanahamia barazani na ndani, sufuria zinafunikwa. Miguu ya upande wa upepo inatolewa kwanza, ili ukingo ule ulale na hewa ikose pa kuingilia. Miguu mingine inafuata. Kamba za upande wa upepo zinafunguliwa za mwisho. Vijana wanne wakijua wanachofanya, paa linakuwa chini kabla tone la kwanza halijaanguka, limekandamizwa na mabomba yake lenyewe. Mvua inapiga, watu wanatazama kutoka dirishani, mtu anakumbuka viti na wanamtuliza kwamba viti havina neno. Kesho yake asubuhi turubai linatandazwa juani likauke pande zote mbili, maana likikunjwa na unyevu litaota ukungu. Mipira iliyopasuka inabadilishwa, kamba zinasuuzwa chumvi, na vigingi vinahesabiwa mpaka vitimie, kwa kuwa Jumamosi kuna harusi na mwenye turubai ameshapokea malipo ya awali.